Barazani kwa Bibi: Mtoto ameanza kutambaa, na sahani za mavyaa ziko kwenye zidaka

*Bibi, shikamoo. Mimi ni mkaza mwana kwenye nyumba ya mawe huku Mkomani, nyumba ya mababu wa mume wangu. Mwanangu ana miezi 9, na tangu juzi hashikiki: nikianza kumenya kitunguu yuko ndani, nikimaliza yuko kiwandani, kwenye ua wa nyumba. Mavyaa, mama wa mume wangu, ana sahani zake za kaure kwenye zidaka, vile vijishubaka vya ukutani, nyingine alirithi kwa bibi yake, na hataki zihamishwe hata shubiri. Wifi yangu wa Mombasa ananiambia ninunue mageti ya plastiki, sponji za kubandika kila pembe, na kufuli za makabati. Kanitumia picha za kwake. Sebule imekuwa chekechea. Sisi vyumba viwili vya juu tunapangisha wageni, na wageni wenyewe wanakuja kwa sura ya nyumba. Nifanyeje mtoto asiumie na nyumba isiharibike?*
*Mama wa Miezi Tisa, Lamu*

Marahaba mwanangu, na Mungu amkuze. Barua yako nimeisoma nimekaa kwenye kipandio cha tatu cha ngazi yangu, palepale ambapo geti la plastiki liliniaibisha miaka minne iliyopita. Kijana wangu alilibeba kutoka Nairobi, jeupe, la kubana kati ya kuta mbili kwa skrubu za kuzungusha kwa mkono. Fundi hahitajiki, akasema. Likakaa siku mbili. Siku ya tatu mjukuu wangu alilishika kwa mikono yote miwili, akalitikisa kama mtu aliyekuja kudai deni lake, likaanguka pamoja na plasta ya ukubwa wa sinia. Alikuwa chini ya ngazi, alhamdulillahi. Angekuwa juu nisingekuwa naandika safu hii kwa mzaha.

Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ni laini, ukiisukuma inameng'enyeka. Na hata mwenye ukuta wa zege asiweke geti la kubana juu ya ngazi. La juu ya ngazi linatiwa skrubu, basi.

Lakini nimetangulia mbele ya hadithi. Kazi ya kwanza haina gharama. Mavyaa akienda kulala mchana, jifunge kanga kiunoni, piga magoti, utambae nyumba nzima kuanzia ndani mpaka dakani, penye mlango wa kutokea nje. Usione haya. Mimi nilipotambaa nilikuta msumari umetokeza chini ya kiti cha enzi, kile kiti chetu cha kale, ambacho nimekipangusa vumbi miaka 30, nikakuta sarafu, kifuniko cha kalamu, na ushanga uliokatika kwenye harusi ya mwaka gani sijui. Chukua ule mrija wa karatasi ngumu unaobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wako. Utashangaa ni vingapi vinapita.

Ukishasimama na kujipangusa magoti, acha sahani. Najua ndizo zinazokukosesha usingizi, kwa sababu ndizo za mavyaa. Anza na birika, si la chai, lile la kuhifadhia maji chooni.

Birika lako nalijua bila kuliona. Liko pembeni mwa choo, limepigwa chokaa ikang'ara, na ndani mna visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Pengine chini kabisa kumejengewa bakuli la kaure, ili siku ya kulikausha na kuliosha samaki wabaki na maji yao. Hakuna mtoto wa Amu, Lamu yetu hii, ambaye hakuning'inia kwenye ukingo ule kutazama samaki, mimi nikiwa wa kwanza. Tabu ni kwamba mtoto wa umri wa mwanao kichwa kimemzidi uzito. Akiinama akatumbukia, hana nguvu ya kujiinua. Wala hazami kwa kelele kama tunavyodhani, anazama kimya. Na maji yenyewe si lazima yawe ya birika: sentimita 5 tu ndani ya ndoo au beseni la kufulia zinatosha. Kwa hiyo ndoo ikimaliza kazi inamwagwa na kupinduliwa, kila mara, hata kama unarudi baada ya dakika mbili.

Birika halipinduliwi, linafunikwa. Marehemu mume wangu alikuwa seremala, na mfuniko wa birika letu ndio kazi yake ya mwisho kuimaliza. Aliukata kwa mbambakofi, mbao nzito isiyoogopa maji, vipande vyembamba vilivyopangwa kama jalousi, vile vibao vya dirisha, kati ya kipande na kipande nafasi ya kidole kimoja, ili samaki wapate hewa na mwanga. Umegawanywa mara mbili kwa bawaba za shaba. Unainua upande mmoja unachota, upande wa pili haujongei. Komeo lake liko nyuma, upande wa ukutani, ambako mkono wa mtoto haufiki. Na kwenye kila pembe alipigilia kipande cha ndala iliyokatika, kilichokatwa mviringo kama shilingi, ili mfuniko ukishuka usifunge mpaka mwisho na kukata vidole. Wageni wakiingia chooni wanatoka wakiuliza kitu kile kimenunuliwa wapi. Kimenunuliwa kwenye pipa la takataka, nawaambia, maana ndala zilikuwa zangu.

Hicho ndicho ninachotaka ukielewe kabla hujampigia wifi yako. Kila kitu anachokuuzia yeye kwa plastiki, mji huu una fundi wa kukitengeneza kwa mbao, na kikishatengenezwa kitaonekana kimezaliwa na nyumba.

Sasa ngazi. Ngazi zetu ni nyembamba, za kusimama, na vipandio havilingani, kimoja kirefu kingine kifupi. Unahitaji vilango viwili, juu na chini. Mwambie fundi asimamishe kwanza miimo miwili ya mbao, aikaze sakafuni na ukutani kwa skrubu ndefu zinazoingia kwenye kabari za mbao zilizozikwa ndani ya ukuta, kisha azibe kwa chokaa. Asizibe kwa saruji. Saruji juu ya ukuta wa matumbawe inafungia unyevu ndani, na baada ya masika mawili plasta inavimba na kubanduka. Kilango chenyewe kiwe cha vijiti vya kukerezwa, kama miguu ya vitanda vya kale, lakini visimame wima. Ukimwachia fundi atakuletea nakshi nzuri ya kulala na kupishana, nawe utampenda, na mtoto atampenda zaidi kwa kuwa amepata pa kukanyaga. Nafasi kati ya kijiti na kijiti isifike sentimita 10. Mimi napima kwa ngumi yangu, ikipita bila kukwaruza namrudisha fundi dukani. Cha juu kifunguke kuelekea ukumbini, kisifunguke juu ya vipandio. Vyangu nimevitilia mafuta ya nazi badala ya vanishi, lakini hilo ni pendo langu tu.

Haya, sahani. Usigombane na mavyaa, kwa sababu kwa hili mavyaa yuko upande wako bila mwenyewe kujua. Nenda ukatazame ile nyumba ya Kiswahili iliyofanywa makumbusho hapo hapo Mkomani. Tazama ukuta wa zidaka, halafu tazama sakafu. Kuna kitu gani sakafuni? Mkeka, kitanda, kiti. Vya thamani vyote vimepanda ukutani. Meza ya kioo, kabati la vioo lenye vikombe vya dhahabu, stuli, maua ya plastiki kwenye mtungi uliosimama kwa miguu mitatu, hivi tumevileta sisi. Vyumba vyetu vilipimwa kwa boriti za mikoko, ndiyo maana ni virefu lakini upana wake hauzidi sana mita 2 na nusu. Meza ya kioo katikati ya chumba hicho inamgonga mtu mzima muundi, sembuse mtoto. Itoe. Usiivishe sponji, itoe.

Kwa hiyo mwambie mavyaa hivi: "Mama, naona sahani za bibi zimekaa chini kama yatima, tuzipandishe zionekane na wageni." Safu mbili za chini zibaki tupu, mpaka urefu wa mita 1 na robo hivi kwa sasa, na utaongeza akianza kupanda viti. Mtoto wa miezi 9 akisimama kwa kushikilia anafika juu kuliko unavyokisia, na vidole vyake vinatangulia macho. Sahani zilizo juu fundi azitilie ukingo mwembamba wa mbao mbele, wa unene wa kidole, zisiteleze siku punda wakipita na kubamiza mlango. Mtu asikushauri kuziba zidaka za chini kwa saruji. Nimeliona hilo mtaa wa Langoni, na macho yangu yaliuma. Mji wetu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Kabla ya kuziba, kutoboa au kugusa mlango wa nje, kaulize kwanza kwa watu wa makumbusho.

Na katika hizo zidaka za chini zilizobaki tupu, kimoja mpe mwanao. Kiwe chake. Tia kata ya kifuu, kawa kuukuu, kijikapu kilichosukwa kijijini Kipungani, mwiko usio na kibanzi. Mtoto mwenye kidaka chake anakwenda kwenye kidaka chake. Si kila siku, sikudanganyi, lakini siku nyingi.

Sponji za pembe usinunue. Kwenye baraza za ndani shona mito ya sufi iliyoshuka mpaka ukingoni, kwa kitambaa kizito cha rangi moja, na uifunge kwa tepe isiteleze. Chini ya mkeka wa miyaa tandika jamvi; mkeka peke yake juu ya sakafu iliyosuguliwa unateleza kama utelezi wa gati. Milango ya pande mbili, msimu wa kusi ukivuma, inajibamiza yenyewe: sokota kipande cha kanga, kifunge kitasa cha ndani, kizungushie ukingo wa mlango mpaka kitasa cha nje. Mlango haufungi mpaka mwisho, vidole vimepona, na kanga ukiichagua vizuri ni pambo. Mlango wa barabarani tia komeo la juu. Ukitoka dakani tu umekutana na punda.

Kuhusu jikoni nitasema kidogo kwa kuwa unajua. Seredani, jiko lako la makaa, ipande juu ya kibaraza, isikae sakafuni. Kitambaa cha meza kinachoning'inia kiondoke, maana mtoto anakivuta na chupa ya chai inamjia usoni. Akiungua, mwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 nzima, uhesabu kwa saa, halafu ndipo umpeleke hospitali. Dawa ya meno, asali, yai, unga wa ngano, vyote viache jikoni. Shangazi zako watakuja na kila kimoja.

*Asalaam aleikum Bibi. Naandika kutoka Shela ya Malindi, si Shela yenu ya Lamu. Nina pacha wa mwaka mmoja na nusu. Tumehamia kwenye nyumba mpya ya ghorofa, vigae vyeupe, televisheni kubwa imesimama juu ya kabati jembamba, roshani yenye vyuma vya kulala. Mke wangu anataka vifuniko vya plastiki vya soketi. Nivinunue? Na roshani nitaifanyaje bila kuigeuza jela?*
*Baba Pacha, Malindi*

Waaleikum salaam, Baba Pacha. Wawili kwa mpigo, pole na hongera kwa pamoja.

Vifuniko usinunue. Soketi zetu hapa Kenya ni za matundu matatu, za mtindo wa Kiingereza, na ndani yake mna vilango vidogo vinavyoziba matundu mawili ya chini. Havifunguki mpaka pini ndefu ya juu iingie. Kwa hiyo soketi nzima tayari ina mlinzi wake. Kifuniko cha plastiki nacho kina pini yake ndefu ya juu, na kikikaa vibaya, kikivunjikia ndani, au mtoto akikichomoa na kukirudisha kichwa chini, kinaweza kumfungulia vilango vile vile tulivyotaka vifungwe.

Mwenye makosa ni sisi. Nani kati yetu hajachomeka ncha ya kalamu kwenye tundu la juu ili chaja ya pini mbili iingie? Watoto wako wamekuona, na wana kumbukumbu. Nunua adapta ya maana, kalamu irudi mfukoni. Halafu chukua tochi umulike ekstensheni zako, zile za bei ya kutupa: ukiona shaba inang'aa ndani ya matundu ya chini, haina vilango, iondoe nyumbani. Na siku fundi umeme akija kwa jambo jingine, muulize kama sanduku lako lina ile swichi inayokata umeme wenyewe ukivuja. Kama halina, mwambie aiweke.

Televisheni inaniogopesha kuliko soketi. Kabati jembamba, droo tatu: hiyo ni ngazi, Baba Pacha. Mmoja anavuta droo ya chini, wa pili anapanda, na chombo chote kinawalalia. Nyinyi ukuta wenu wa matofali unashika skrubu kuliko wangu, kwa hiyo huna udhuru. Televisheni itundikwe ukutani, na kabati lifungwe ukutani kwa mikanda au vyuma vya pembe, kwa nyuma, hakuna atakayeviona. Vitu vizito viende droo ya chini. Rimoti usiiache juu ya kabati, maana ndiyo inayowapandisha. Na rimoti hiyo na saa na vikadi vya harusi vinavyoimba, tazama betri zake: zile bapa za mviringo kama kitufe zikimezwa zinaunguza koo ndani ya saa mbili. Ukishuku tu kwamba mmoja amemeza, usingoje aumwe, kimbia hospitali.

Roshani. Vyuma vya kulala ni ngazi ya pili. Usivitoe, pengine nyumba si yako. Kwa ndani funga mbao nyembamba zilizosimama wima, kwa nafasi ile ile ya ngumi, zianzie sakafuni zipite urefu wa vyuma. Zipake rangi ya maji ya bahari au ziache na rangi yake. Zikipata jua la asubuhi, kivuli chake kwenye vigae vyako vyeupe kitakuwa pambo ambalo hukulilipia. Kisha toa viti na mitungi ya maua yote, kwani roshani yenye kigoda haina kimo. Mtundike maua, yaning'inie. Madirishani, kama una vyuma, hakikisha kimoja kinafunguka kwa ndani na ufunguo wake mnaujua wakubwa wote. Moto haubishi hodi.

*Bibi, mimi nami ni bibi mwenzako. Mkaza mwana wangu ameninyang'anya chetezo. Nimefukiza udi nyumba hii miaka 40, nimelea watoto sita humu humu, hakuna aliyeungua. Leo moshi wangu umekuwa sumu?*
*Aliyenyang'anywa, Langoni*

Dada yangu, nakuja upande wako nusu tu. Miaka 40 tulikuwa wanawake watano nyumbani, na kila mtoto ana macho kumi juu yake. Leo mko wawili, na mmoja ana simu mkononi.

Mwombe mkaza mwana chetezo chako, kwa sharti hili: unafukiza mtoto akiwa amelala chumba kingine au ametoka, madirisha wazi, na chetezo kinakaa juu, hakikai sakafuni. Ukimaliza, makaa unayazima kwa maji mpaka yanyamaze, huyaachi "yafe yenyewe". Kaa lililovaa jivu linaonekana limekufa, na ndilo linaloshikwa.

Kuna mengine mawili hukuyaandika, lakini nayajua kwa kuwa nami nilikuwa nayafanya. Mafuta ya taa yako ndani ya chupa ya soda. Yahamishe leo, yatie kwenye dumu lake, dumu lifungiwe. Mtoto akiyanywa, usimtapishe na usimshindilie maziwa. Yakirudi juu yanaingia mapafuni, na hapo ndipo madhara makubwa yalipo. Mchukue mbio hospitali, na chupa yenyewe uibebe.

La pili, vidonge vyako vya presha viko ndani ya fundo la kanga. Fundo hilo ndilo mjukuu analolifungua akitafuta peremende. Kwake havina tofauti, vyote ni vya rangi na vyote vinatoka kwa bibi. Vyangu nimevitia ndani ya kopo la biskuti lenye mfuniko mgumu, kwenye kidaka cha juu kabisa, nyuma ya sahani ya mama yangu. Kila asubuhi natandika kigoda, napanda, na mjukuu wangu mkubwa ananishika gauni nisianguke, huku akiniuliza kwa nini zile biskuti nakula peke yangu.